Mvule Nao Hupandwa

Pita Kwale, pita Muheza, shuka Kilosa na Kilombero, vuka mpaka ufike Busoga nchini Uganda, kisha waulize wazee ni nani aliyeupanda mvule mkubwa ulio ukingoni mwa kijiji. Watakuambia hakuna. Waliukuta. Babu zao waliukuta, na babu wa babu zao vilevile. Kwa kuwa kila mvule tunaoujua ulikutwa, tumekua na imani kwamba mti huu haupandwi, hujiotea tu Mungu akipenda, na kazi yetu sisi ni kuukata. Imani hiyo ndiyo ninayotaka tuing'oe leo, mimi na wewe, kwa sababu imekaa muda mrefu mpaka imegeuka kisingizio.

Angalia tunavyoishi nayo. Chenso huwashwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri mti uliosimama tangu enzi za Wajerumani umelala chini. Jioni lori limeondoka na magogo. Kisiki kinabaki, na hakuna hata mmoja kijijini aliyeatika mbegu ya kuziba pengo lile. Ikifika 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti nchini Tanzania, tunajipanga na miche ya mitiki, mikaratusi na misindano. Sina ugomvi na mtiki, umejengea watu nyumba na kusomesha watoto wao. Lakini mtiki umetoka Asia na mkaratusi umetoka Australia, nasi tumejifunza kuilea yote miwili kuanzia mbegu hadi mbao. Mvule, wenye asili ya misitu yetu yenye mvua na unaotoa mojawapo ya mbao bora barani Afrika, tumewaachia popo.

Na popo wameifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Mivule hutofautiana kwa jinsia: kuna midume na kuna majike. Mvule dume huning'iniza vishada vyembamba vya maua meupe, upepo ukapeperusha chavua. Mvule jike huzaa matunda ya kijani, laini, yenye mikunjomikunjo, marefu kama kidole cha mtu mzima. Popo wa matunda huyajia usiku, hula, huruka, na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Mbegu zenyewe ni ndogo mno, kama milimita mbili tu. Moja ikiangukia penye udongo na mwanga, mche huota.

Hapo sasa ndipo hadithi yetu ya mti uliokutwa inapopungukiwa. Mche ule ulipoota katikati ya mihogo, palikuwa na mtu ameshika jembe. Aliuona, akautambua, akalima akiuzunguka. Msimu uliofuata akauzunguka tena. Mbuzi walipousogelea akawafukuza. Moto wa kuandaa shamba ulipokaribia, akausafishia nyasi pembeni. Hatujui jina lake, na pengine alikuwa mwanamke aliyekuwa akilima na mtoto mgongoni, lakini mvule ule una mlezi. Mti mkubwa shambani mara nyingi ni mti ambao mtu fulani aliamua kutoung'oa, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukajiweza. Tumeurithi mti na tukaisahau kazi ya mikono iliyoulea.

Basi tuanzie hapo, kwenye kazi isiyogharimu hata shilingi. Jifunze kuutambua mche wa mvule, na uwafundishe wote wanaoingia shambani kwako na jembe au panga. Wengi huukata kwa kutoujua. Majani ya mvule mzima yamenyooka pembeni na upande wa juu ni laini, ila ya mche ni tofauti kabisa: yana meno madogo ukingoni kote, na ukiyapapasa yanakwaruza vidole. Mtu anayeujua mti mkubwa pekee hawezi kuamini kwamba ni mti uleule. Vunja jani moja utaona utomvu mweupe kama maziwa. Ukiuona mche wa namna hiyo, usiuguse. Chomeka mti pembeni yake, ufunge kitambaa chekundu, kila mpalizi aone. Siku hiyo umepanda mvule, na wala hujachimba shimo.

Mti huu unastahili heshima kiasi gani? Katika msitu mzuri hufika mita 30 hadi 50 kwenda juu, shina likiwa limenyooka bila tawi kwa mita nyingi. Mbao zake huanza na rangi ya manjano, kisha hukolea hadi hudhurungi ya dhahabu. Mchwa hawaziwezi. Maji ya chumvi hayaziharibu upesi, ndiyo maana mafundi wa vyombo wa pwani wanazithamini, na ndiyo maana kitanda cha mvule alicholalia bibi bado kinalaliwa na vitukuu. Afrika Magharibi wanauita iroko, na kwa jina hilo mbao zake zimevuka bahari tangu zama za ukoloni kwenda kutengeneza sakafu na madirisha ya Ulaya. Katika misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, mvule ni miongoni mwa miti iliyonusurika kwa sababu wazee waliweka miiko, na miiko ikafuatwa.

Kuna jambo jingine ambalo wapasua mbao wanalijua vizuri kuliko wengi wetu. Ndani ya gogo la mvule, mara kwa mara msumeno hukutana na jiwe. Jiwe kweli, gumu, jeupe, linalovunja meno ya msumeno. Fundi hulaani na kwenda zake kunoa. Jiwe lile ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa, na hutengenezwa ndani ya mti. Watafiti waliochunguza mti huu nchini Ivory Coast walikuta kwamba hata udongo unaouzunguka hubadilika. Ardhi iliyokuwa na tindikali hupoza ukali wake na kuhifadhi chokaa karibu na shina, kwa ushirikiano wa mti na vijidudu vya udongoni. Kaboni iliyokuwa hewani hufungwa ardhini kama mawe, na hubaki huko hata baada ya mti kufa. Sisi tunaonunua chokaa ya kupoza udongo wa shamba tuna mti unaoitengeneza bure, halafu tunaukata na hatupandi mwingine!

Sasa kazi yenyewe. Kwanza yakupasa ujue matunda yanaiva lini kwako, kwa kuwa msimu hutofautiana kati ya sehemu na sehemu. Usihangaike na kalenda, sikiliza usiku. Popo wakianza kujaa na kupiga kelele kwenye mvule fulani, huo ni mvule jike na matunda yameiva. Asubuhi na mapema nenda na kapu uokote yaliyoanguka, yale laini ambayo bado hayajaoza. Kama mivule jike ipo kadhaa, okota kutoka kwa yote, na upendelee ile iliyonyooka.

Usikae nayo nyumbani. Siku hiyohiyo yatie kwenye beseni la maji na uyaponde kwa mikono mpaka nyama yote iachane na mbegu. Maji yatakuwa mazito ya kijani. Yaache yatulie kidogo, kisha utazame. Mapepe yataelea pamoja na makapi, na mbegu zilizojaa zitazama chini ya beseni. Mimina taratibu yale ya juu, ongeza maji safi, rudia mpaka yawe meupe. Kilichobaki chini ndicho unachokitaka, punje za kahawia zinazong'ang'ania vidole. Zitandaze kwenye gazeti kivulini zikauke. Usizianike juani. Na uziatike ndani ya siku chache, maana mbegu ya mvule haina subira: ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la kawaida, uwezo wake wa kuota hushuka sana. Hapa ndipo wengi waliojaribu walipokwama. Walikusanya mbegu leo, wakaziatika mvua zilipoanza miezi mitatu baadaye, zikagoma, wakatangaza kwamba mvule haupandwi.

Kitalu kiwe kwenye kivuli chepesi. Changanya udongo wa msituni na mchanga, chekecha mpaka uwe laini, sawazisha. Mbegu ndogo namna hii haifukiwi kwa kina. Itawanye juu, uifunike kwa mchanga mwembamba unaotosha tu kuificha, utandaze nyasi kidogo. Mwagilia kwa kunyunyiza, asubuhi na jioni, kwa mkono mwepesi, maana maji ya kumwaga yatazisomba zote pembeni. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona kijani. Ondoa nyasi polepole. Miche ikifikisha majani manne hivi, ihamishie kwenye viriba ukiushika kila mmoja kwa jani, usiushike shina. Iendelee kukaa kivulini, kisha uipunguzie kivuli kidogo kidogo kadiri msimu wa kupanda unavyokaribia.

Nikuonye mapema kuhusu adui, usije ukamwona ukakata tamaa. Kuna mdudu mdogo sana aitwaye Phytolyma, ambaye maisha yake yote yanategemea mivule na jamaa zake wa karibu. Hutaga mayai kwenye machipukizi. Watoto wake wakianguliwa hutoboa na kujichimbia ndani ya jani changa au ncha ya tawi, na mmea huwavimbia. Utaona vinundu vya kijani, mviringo, vimejaa kama vipele. Vikikomaa hupasuka, wadudu wakatoka, na kidonda kinachobaki huoza. Ncha hufa, na mche uliokuwa ukipanda juu kwa kasi hugeuka kichaka. Mdudu huyu ndiye aliyeyashinda mashamba mengi ya mivule yaliyowahi kujaribiwa Afrika. Wataalamu walipanda mvule kwa mvule, mstari kwa mstari, jinsi mitiki inavyopandwa, na Phytolyma akafurahi. Alikuwa ameandaliwa karamu.

Lakini hebu rudi msituni utazame. Ni wapi umeona msitu wa mivule mitupu? Haupo. Utauona mmoja hapa, mwingine mwendo wa dakika kadhaa kule, na katikati yao miti ya kila aina. Watafiti wa Ghana waliofanya kazi na mti huu kwa miaka mingi walithibitisha hivyo: mivule michanga iliyochanganywa na miti mingine, yenye kivuli cha wastani utotoni, haishambuliwi vibaya kama ile iliyopangwa peke yake juani. Tena walikuta kwamba miche haifanani, ipo inayomstahimili mdudu vizuri kuliko mingine. Kwa hiyo okota mbegu kwenye miti mingi, otesha mingi, na ile itakayobaki safi kitaluni wakati wenzake wamejaa vinundu, hiyo ndiyo miche yako ya dhahabu.

Unaona jinsi jambo hili linavyomwangukia mkulima mdogo? Kampuni kubwa inataka hekta mia za mti wa aina moja, zipandwe na mashine na zivunwe na mashine. Mvule unaikatalia. Unachotaka mvule ni shamba la mama wa Muheza lenye michungwa, migomba, mdalasini na mihogo. Unataka kihamba, shamba la nyumbani lenye kahawa na migomba, unataka bustani ya Busoga. Kwenye mti huu, wewe mwenye ekari moja na nusu ya mchanganyiko una faida ambayo mwenye mtaji hana. Usiidharau ardhi yako kwa udogo wake wala kwa mchanganyiko wake. Hiyo ndiyo hali ambayo mvule unaitaka.

Ipandikize miche yako masika yanapoanza, udongo ukiwa umelowa vizuri. Mvule unapenda udongo wenye kina usiotuamisha maji, mahali penye mvua ya kutosha, kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi. Kwenye baridi ya milima mirefu usiusumbue. Chimba shimo la sentimita 45 hadi 60, rudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, panda, shindilia kwa mguu, tandaza majani makavu bila kugusa shina. Uweke jirani na migomba ili upate kivuli chepesi miaka ya mwanzo. Ukishakua, utadai jua lake, nawe utaipunguza migomba. Ukiacha mita 20 kati ya mvule na mvule, ekari moja itapokea kumi hivi, na mazao yako hayatahamishwa.

Miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya kukesha. Palilia mita moja kuzunguka kila mche. Weka uzio wa miiba, mbuzi wanapenda majani yale kuliko unavyodhani. Kagua ncha mara kwa mara, na ukiona vinundu vikate kabla havijapasuka, uvichome. Ncha ikifa usiung'oe mche! Mvule unachipua upya kwa nguvu ya ajabu. Machipukizi yatatoka matatu au manne, nawe chagua moja lililonyooka, uyaondoe mengine. Mche uliokufa ncha mara mbili bado waweza kuwa gogo. Hata kisiki cha mvule uliokatwa mwaka jana usikichome moto, kitazame, na utazame mizizi inayokimbia juu juu ya ardhi. Inapojeruhiwa na jembe huweza kutoa machipukizi. Pengine mvule wako wa kwanza tayari umeshaota, unangoja tu ukingwe na mbuzi.

Najua swali linalokuja. Nani atasubiri? Mvule wa mbao unataka miaka 50, pengine zaidi. Nakujibu bila kukuficha: ndiyo, unataka. Lakini nani amekuambia ukae chini umesubiri? Migomba itakupa ndizi mwakani. Kahawa itafuata, machungwa yatafuata. Mvule unakua katikati ya maisha yako bila kukuomba mbolea ya dukani wala kukunyima mahindi. Na hebu fikiri: mvule ambao ungepandwa mwaka wa Muungano, 1964, leo ungekuwa umevuka miaka 60. Ungekuwa mbao. Kila kijiji kingekuwa na mivule yake. Shule zetu zingekalia madawati yake. Hatukupanda, na miaka 60 ikapita vilevile. Mtoto anayezaliwa wiki hii hospitalini kwenu ataufikia mwaka 2075 akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, na swali pekee ni kama atakuta miti au atakuta visiki tulivyomwachia.

Walimu, shamba la shule lina nafasi ya mivule mitano pembeni mwa uwanja, na kitalu cha mvule kitawafundisha wanafunzi biolojia kuliko ubao. Misikiti na makanisa yana viwanja visivyolimwa. Vijana wenye vitalu vya barabarani, acheni kuuza miche ileile kila kibanda. Kuna wateja wanaotafuta miti ya asili na hawaipati. Wenye kaka na dada waliohamia mjini, lile shamba la urithi linalobaki pori huku mkigombana ni nani alilime, anzeni kwa kulipanda mivule pamoja. Nanyi wazee wetu msijitenge kwa kusema umri umekwenda. Ninyi ndio mnaokumbuka mvule jike upo wapi.

Ukiwa Tanzania, waulize TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kuhusu mbegu na miche. Mombasa, Kilifi na Kwale wapo KEFRI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, wenye kituo chao Gede. Uganda kuna kituo cha taifa cha mbegu za miti pale Namanve. Na jambo moja la busara: mvule ni mti unaolindwa, haukatwi wala kusafirishwa bila kibali. Siku unapopanda, iandikishe miche yako kwa serikali ya kijiji au ofisa misitu, idadi na mahali, utunze karatasi. Mjukuu atakapotaka kuvuna, asionekane mwizi kwenye shamba lake mwenyewe.

Ukimaliza kupanda, utabaki na miche. Kitalu kimoja kidogo hutoa mingi kuliko ekari yako inavyoweza kubeba, na mche mdogo hauoneshi kama ni dume au jike mpaka uje utoe maua miaka mingi mbele. Huenda kumi yako yote ikawa midume. Mvule jike bila dume karibu hauwezi kutoa mbegu za kuota, na chavua hubebwa na upepo, hivyo matunda ya shamba lako yatategemea mti ulio kwenye shamba la mwingine. Ile ya ziada usiiache ikauke kwenye viriba. Mpelekee jirani wa bondeni miwili, yule wa ng'ambo ya mto mitatu, na yule mliyenuniana naye kwa ajili ya mpaka umpe mmoja aupande palepale penye mpaka.